Wale wa Saa Kumi na Moja

Jumapili ya 25 ya Mwaka A. Injili: Mathayo 20:1-16

 

Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Jumapili hii haihitaji maelezo mengi kwa watu wa Dodoma. Wenzetu wa Ulaya wanaposoma habari ya vibarua walioitwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, hawana budi kwanza waelezwe kwamba saa hizo zinahesabiwa tangu kuchomoza kwa jua. Sisi tunazihesabu vivyo hivyo hata leo. Mtoto wa darasa la pili pale Mvumi anajua kwamba saa kumi na moja jioni ni wakati ng'ombe wanaporudi na mama anatafuta kuni za kupikia ugali. Anajua pia kwamba mtu anayeanza kazi saa hiyo atafanya kazi kidogo tu kabla ya giza.

Na shamba la mizabibu nalo tunalijua. Wamisionari Wapasionisti kutoka Italia waliipanda mizabibu Bihawana katikati ya karne iliyopita, na kutoka hapo imeenea hata ikawa alama ya mkoa wetu. Ardhi hii inayopata mvua moja tu kwa mwaka, na hiyo mara nyingi haitoshi, huzaa zabibu mara mbili: karibu na mwezi wa tatu, na tena Agosti na Septemba. Kwa hiyo Injili hii inaposomwa, baadhi yenu mmetoka kuvuna juzi. Mnajua jinsi mgongo unavyouma kwa kuinama chini ya matawi, na jinsi nyuki wanavyomfuata mvunaji. Mnajua pia jinsi mtu anavyoyangoja malipo.

Hata ile sokoni ambako mwenye shamba alikwenda kuwatafuta watu, tunaifahamu. Sisi tunaiita kijiwe. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi ambao TANU ilikuwa imekwisha kuupitisha tangu mwaka 1973. Tangu hapo mji wetu umeota majengo kama uyoga baada ya mvua. Mji wa Serikali umesimama Mtumba. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam. Tunasifu haya yote, na ni haki kuyasifu. Lakini zege lile lilibebwa na vichwa na mabega ya watu. Kokoto zile, nyingine zilipondwa kwa nyundo na kina mama waliokaa chini ya vilima, watoto wamefungwa mgongoni. Ukipita njia kuu alfajiri utawaona vijana wamesimama na machepe yao, nguo za kazi zimo katika mfuko wa plastiki, wakingoja gari lisimame na mtu atoe kidole: wewe, wewe na wewe. Wengine wametoka Kondoa, wengine Singida, wengine Manyoni, wengine Mpwapwa, mahali ambapo mtama haukuzaa. Kufika saa tatu, wale wenye nguvu wamekwisha kuchukuliwa. Kufika saa sita wanabaki wazee, wenye kilema, na wale ambao hawana jamaa katika mji.

Sasa tuutazame mfano wenyewe. Nimesikia mara nyingi mfano huu ukitumiwa vibaya, na wanaoutumia vibaya ni waajiri Wakristo. Mwajiri mmoja aliniambia waziwazi: Padre, Bwana mwenyewe amesema kwamba mwenye mali anaruhusiwa kufanya na mali yake jinsi apendavyo. Basi mimi nikimlipa mtu ninavyotaka, nani aniulize?

Ndugu zangu, tusome vizuri. Mwenye shamba alipatana na wale wa kwanza dinari moja kwa siku. Dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa kibarua siku zile, fedha ya kulisha nyumba kwa siku moja. Jioni ilipofika, jioni ileile, kama Torati ilivyoagiza katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 kwamba jua lisizame kabla kibarua hajapata chake, alimwita msimamizi na kuamuru watu walipwe. Wale wa kwanza walipata kilekile walichopatana. Hakuwakata senti ya chakula cha mchana. Hakuwaambia warudi Ijumaa. Alitimiza haki kwanza, ndipo akaongeza ukarimu juu ya haki. Uhuru anaousema ni uhuru wa kutoa zaidi ya deni. Hakuna mahali popote katika Injili ambapo mtu amepewa uhuru wa kutoa pungufu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wahubiri hulipita upesi. Mwenye shamba alikwenda kijiweni mara tano. Alikwenda mwenyewe, ingawa alikuwa na msimamizi ambaye angeweza kumtuma. Na mara ya mwisho, aliwauliza wale waliobaki kwa nini wamesimama siku nzima bila kazi. Jibu lao ni fupi sana: hakuna mtu aliyetuajiri. Nasi tunajua jinsi watu wa nchi hii ya kati walivyoitwa wavivu, jinsi wanavyochekwa mijini kwamba kazi yao ni kuomba omba. Yesu hakuwaita wale watu wavivu, wala hakutia neno hilo kinywani mwa mwenye shamba. Aliwaacha waseme wenyewe, na mwenye shamba akaliamini neno lao. Naona hapo ndipo haki ya mfanyakazi inapoanzia: kuaminiwa anaposema lililompata.

Uvivu gani huo tunaoambiwa? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na baadaye Waingereza waliwachukua maelfu ya wanaume wa Ugogo kwenda kubeba mizigo ya majeshi, na ng'ombe na nafaka zikachukuliwa pamoja nao. Wengi hawakurudi. Mashamba yalikosa mikono, mvua ikakosa nayo, ikaja ile njaa kubwa ambayo wazee waliiita Mtunya. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wake wa karanga pale Kongwa. Wanaume walikwenda kung'oa vichaka katika ardhi ambayo wenyeji wangaliweza kuwaambia wakubwa kwamba ikikauka ni ngumu kama saruji. Bei ya vyakula ilipanda kwa kuwa wanunuzi walikuwa wengi na ujira ulikuwa mdogo. Mwaka uleule makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na njia ya reli mpaka huku bara. Mradi wa karanga uliachwa mwaka 1951. Matrekta yaliyoharibika yakabaki, na wale walioyafuata nyuma kwa majembe wakarudi nyumbani.

Wakati huo Kanisa lilikuwa wapi? Swali hili ni halali, na jibu lake halitutukuzi sana. Tulijenga shule na zahanati, na tunamshukuru Mungu kwa hizo. Lakini mafundisho yetu juu ya kazi yalikaa muda mrefu katika maktaba za seminari. Papa Leo XIII alikwisha kuandika waraka wake Rerum Novarum tarehe 15 Mei 1891. Humo alifundisha kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu maskini ameukubali. Mtu mwenye njaa hukubali chochote. Alifundisha pia kwamba wafanyakazi wana haki ya kujiunga katika vyama vyao. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mwaka 1981 Yohane Paulo II, ambaye ujanani mwake alifanya kazi katika machimbo ya mawe na kiwandani, aliandika Laborem Exercens, akafundisha kwamba mtu yu juu ya mtaji. Na mwezi Mei 2025 Papa mpya alipochagua jina la Leo, alieleza kwamba mojawapo ya sababu ni yule Leo wa waraka wa wafanyakazi.

Yupo pia mtu mmoja ambaye viongozi wa VIWAWA wanamjua vizuri, Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi. Alirudi likizo kutoka seminari akakuta vijana aliosoma nao shule ya msingi, ambao sasa walikuwa viwandani, wanamtazama kama mtu wa upande wa matajiri. Baba yake alikufa mwaka 1903 akiwa amechoshwa na kazi, na pale kitandani kijana huyo aliapa kwamba maisha yake yote atayatoa kwa ajili ya wafanyakazi. Ndiye aliyetuachia ile njia ya Ona, Amua, Tenda, ambayo jumuiya zetu ndogo ndogo zinaitumia mpaka leo. Mara nyingi, lakini, tunaona, tunaamua, tunafunga kwa sala, tunakunywa chai.

Wazee mliosoma katekisimu kwa moyo mnakumbuka kwamba zipo dhambi zinazolilia mbinguni. Damu ya Abeli ni mojawapo. Kudhulumu ujira wa wafanyakazi ni nyingine. Mtume Yakobo katika sura ya tano anasema mshahara uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anamweka anayemnyima kibarua ujira wake pamoja na mwuaji. Mnaona basi kwamba Maandiko yanaiweka dhambi hii karibu na uuaji. Nami nimeketi katika kitubio miaka mingi, nikasikia watu wakiungama kula nyama Ijumaa Kuu, wakiungama kukosa misa kwa sababu ya mvua. Bila kuvunja siri ya mtu yeyote, naweza kusema kwamba dhambi ya kuchelewesha mshahara wa mtu haifiki sana masikioni mwa mapadre.

Labda wengine mnasema: Padre, hayo ni mambo ya Serikali na vyama vya wafanyakazi. Ni kweli, na heri mfanyakazi mwenye chama imara. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 22 na ya 23, inataja haki ya kufanya kazi na haki ya kupata ujira wa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki kuwa kipimo cha kawaida, siku zisizozidi 6. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki, mtu akiombwa kuifanyia kazi, hulipwa mara mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama aliyejifungua ana siku 84, na akijaliwa mapacha siku 100. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Kadhalika Serikali hutoa Amri ya Mishahara, ya karibuni ikiwa imeanza kutumika Januari 2026, na amri hizo hupanga kiwango si cha mwezi tu bali hata cha siku na cha saa, ili kibarua naye awe na mahali pa kusimama.

Sheria ni nzuri. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake mpaka Hombolo. Inahitaji mtu wa kuibeba, na huko kijijini mtu huyo aghalabu ni katekista. Ndiye ajuaye kusoma barua ya bibi kizee, ndiye anayeitwa penye msiba na penye ugomvi. Kwa hiyo, walimu wa dini mnaonisikiliza, nawaomba mwandike mambo haya mawili nyuma ya daftari lenu la ubatizo.

La kwanza, mkataba. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, mahali gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Na kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha anaelezwa kwa namna anayoielewa. Maandishi hayo yasipoletwa mbele ya wasuluhishi, mzigo wa kuthibitisha mapatano ni wa mwajiri. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi aliyoambiwa aweke dole gumba, msomee kabla dole halijaingia katika wino.

La pili, siku. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa ili wanyonge wasilazimike kuanzia mahakamani. Lakini aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake, na kwa madai mengine ni siku 60. Nimeona watu wengi wakipoteza haki yao kwa kungoja. Mwajiri humwambia njoo mwisho wa mwezi, naye anakuja mwisho wa mwezi. Humwambia ngoja tuvune, naye anangoja wavune. Siku ya 31 yule mwajiri anacheka. Basi mtu akija kwako analia, usimpe novena peke yake. Mwulize: uliachishwa tarehe ngapi?

Sasa niseme juu ya wale ambao hawapo hata kijiweni, kwa sababu wamefungiwa ndani. Nasema juu ya mabinti zetu.

Kila mwaka wa njaa, na hata usiokuwa wa njaa, wasichana kutoka Dodoma na Singida wanapanda basi kwenda Dar es Salaam, na siku hizi kuja hapa mjini, kufanya kazi za nyumbani. Anakuja mama mmoja aliyevaa vizuri, anawaambia wazazi kwamba binti atasomeshwa cherehani. Nauli inalipwa. Binti ana miaka 15, pengine 13. Huko anakokwenda anaamka kabla ya watu wote na kulala baada ya watu wote. Mshahara wake anatunziwa, na mtu akikutunzia mshahara miaka miwili bila daftari, ujue hakuna kitu kilichotunzwa. Amri ya Mishahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, kiasi kidogo ambacho baadaye kimeongezwa. Hata hicho wengi hawakukiona. Mwezi Juni 2011 mataifa yalikutana Geneva yakapitisha Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, unaosema kwamba mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Hapa nchini chama cha CHODAWU kimejitahidi kuwakusanya. Ni kazi ngumu, maana kila mmoja yuko peke yake nyuma ya geti lake.

Mimi simhukumu kila mwajiri wao. Najua wengi ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wadogo, ambao mishahara yao wenyewe haifiki tarehe 20. Mama akienda kazini, nani abaki na mtoto? Ni shida ya kweli, na anayesema ina jibu jepesi hajawahi kulea. Lakini shida yangu haiwezi kulipwa kwa utoto wa binti wa mtu mwingine.

Jumamosi jioni jumuiya inapokutana, mama mwenye nyumba anachukua rozari na kitabu chake cha nyimbo, anakwenda kusali nyumba ya tatu. Dada wa kazi anabaki na watoto. Jumuiya inamwombea mgonjwa, inamchangia mfiwa, inataja majina ya wote. Jina la yule dada halimo katika daftari. Amebatizwa na kupewa Kipaimara, pengine kwao alikuwa kiongozi wa Utoto Mtakatifu. Lakini tangu alipopanda basi hana parokia. Akiumia, nani atajua? Akianza kunyanyaswa na baba mwenye nyumba, atamwambia nani?

Katekista wa kijiji kimoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa hapendi kutajwa, alianza jambo dogo. Binti akitaka kuondoka, anakwenda kwa wazazi, anauliza tarehe ya kuzaliwa na kulinganisha na kitabu cha ubatizo, maana kitabu cha ubatizo hakidanganyi umri. Akiwa mtoto, anawaambia wazazi bila kuficha kwamba sheria na Kanisa vyote vinakataza. Akiwa ametimiza umri, anamwandikia barua ya utambulisho kwa paroko wa kule aendako, na katika barua anaandika mtaa, jina la mwajiri na mshahara waliopatana. Kisha anamwomba yule mama aliyevaa vizuri aweke sahihi. Aliniambia: Padre, wapo kina mama watatu walioona ile karatasi, wakasema watarudi kesho, na hawakurudi.

Nimesema juu ya matajiri, nimesema juu ya kina mama. Ingekuwa uongo kuzima kipaza sauti hapa.

Mwaka 1971 Maaskofu waliokutana Roma katika Sinodi walifundisha, katika hati juu ya haki ulimwenguni, kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki hana budi yeye kwanza aonekane mwenye haki machoni pao. Wakataka Kanisa lichunguze mishahara ya wale linaowaajiri. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangulia kuwaambia Masista wa Maryknoll kule New York, mwaka 1970, kwamba Kanisa lisipokuwa upande wa wanyonge dhidi ya hali zinazowadhalilisha, watu wataliona halina maana kwao. Sisi mapadre tunapenda kumnukuu Mwalimu, hasa anapowasema wengine.

Katika parokia niliyokuwa nikiitumikia zamani tulikuwa na mlinzi. Sote tulimwita Babu, kwa upendo. Alilinda usiku, saa 12 kila usiku, usiku 7 kila juma. Alikuwa na kabuti la zamani, tochi na rungu. Nilikuwa nikimpelekea chai mwenyewe, nikajiona padre mwema. Jumapili moja nilihubiri juu ya amri ya kuitakasa siku ya Bwana, nikaeleza kwa ufasaha kwamba Mungu aliwaamuru Waisraeli wampumzishe hata mtumwa, hata punda. Baada ya misa katekista wetu alibaki sakristia akikunja nguo. Akasema polepole, bila kunitazama: Padre, Babu hajasali Jumapili tangu tumpe kazi. Akitoka zamu analala.

Nilikasirika kwanza. Nikamwambia kwamba parokia haina fedha, kwamba Babu mwenyewe hajawahi kulalamika, kwamba hata chakula tunampa. Nilipomaliza, nikasikia kwamba nimesema maneno yaleyale ya waajiri ninaowasema mimbarini. Tulimwita mwamini mmoja aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya kazi, akaketi nasi na kalamu. Siku za mapumziko zilizofanyiwa kazi, saa za ziada, nyongeza ya usiku, likizo za miaka 4. Jumla ilipoandikwa chini ya mstari, mwenyekiti wa halmashauri ya walei aliomba tusali kwanza.

Hatukuwa na fedha ile. Tuliliweka jambo mbele ya waamini, na haikuwa Jumapili njema. Wengine walisema tunaliaibisha Kanisa mbele ya watu wa madhehebu mengine. Mzee mmoja aliuliza kwa nini Babu alipwe kwa usiku aliolala, kama kwamba yeye aliwahi kuja usiku akamkuta amelala. Mwishowe tulikubaliana kuajiri mlinzi wa pili ili kila mmoja apate mapumziko, na kumlipa Babu deni lake kidogo kidogo kwa miezi 14. Mnara wa kengele tuliokuwa tumeupanga ukangoja. Nadhani unangoja hata leo.

Siku ya malipo ya kwanza nilimpa Babu bahasha mwenyewe, na mimi nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Alizihesabu zile noti mara mbili, akaweka sahihi yake katika daftari taratibu sana, herufi moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza: Padre, na yule aliyekuwa kabla yangu?

Aliyekuwa kabla yake alilinda geti lile miaka 9, naye alikwisha kufa. Tuliambiwa mjane wake alirudi kwao upande wa Manyoni. Niliandika barua kwa paroko wa huko, na katekista wake akazunguka vijiji viwili akiuliza. Hatujampata. Fedha yake ipo, imeandikwa kwa jina la marehemu katika daftari la parokia, na kila paroko anayefuata huoneshwa ukurasa huo siku anapokabidhiwa funguo. Kama yuko mtu anayenisikiliza huko Manyoni, Kilimatinde au Itigi, na anamfahamu mama ambaye mume wake alilinda kanisa Dodoma miaka 9 na kuzikwa huku, tafadhali amwambie mwalimu wa dini wa kijiji chake.